Nyoka wa Kisiwani na Shahidi Aliyechelewa

Habari niliipata mtoni, tena ikiwa imekwisha kupoa. Jumanne iliyopita nilikuwa navuka kwenda Lubunga kumjulia hali ndugu yangu mgonjwa, nikaona kwamba ule ubao wa mbele kabisa wa mtumbwi, mwembamba na unaolowa maji kila mara, umekaliwa na mama mmoja mwenye beseni la pondu, majani ya muhogo. Nilishangaa, maana kwa miaka yote niliyovuka pale asubuhi, ubao ule ulikuwa wa mtu mmoja tu. Nikamuuliza mpiga kasia kwa lile jina ambalo mji ulimpa mzee wa nyoka: “Papa ya banyoka iko wapi leo?” Akaacha kupiga kasia kidogo. “Ah, papa, haukusikia? Alisha kufa. Iko siku ine tulimuzika.” Yule mama akageuka upesi. “Ni nyoka ilimuuma?” “Hapana, mama. Maralia tu, na uzee.” Mama akaguna. “Mm. Banaficha. Mutu ya nyoka anakufaka na nyoka.” Abiria wakaitikia kwa vichwa, na habari ikaishia hapo. Nilikasirika, nikiri wazi. Mtu aliishi peke yake mji mzima ukimkwepa, na hata kifo chake mwenyewe mji ukamnyima, ukampa kingine unachokipenda zaidi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba katika safu hii sitaji majina ya watu, na leo pia sitamtaja. Nitasema alikuwa mtu wa mtoni, mzaliwa wa upande wa Yanonge, na kwamba aliingia kwenye kitivo cha sayansi hapa Kisangani akiwa mfagiaji wa sakafu. Walimu waliona kwamba haogopi anachokikuta chini ya makabati, wakamfundisha kazi ya kuhifadhi wanyama: kukamata, kupima, kutia kwenye chupa ya mdomo mpana, kuandika kikaratasi na kukitumbukiza humohumo pamoja na mnyama. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Umeme wa bwawa la Tshopo ulipokatika na chumba kikawa moto, yeye ndiye aliyepita chupa moja moja akiongeza pombe iliyopungua. Gunia lake lilikuwa begani saa zote, hata likiwa na mihogo, kwa hiyo watu walisogea. Mkewe aliondoka mapema, bila ugomvi, akisema yeye aliolewa na mtu na si na gunia. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na kwenye mtumbwi alikaa ule ubao wa mbele. Alipopanda tu, wengine walijibana nyuma mpaka mtumbwi ukainua pua.

Mimi nilikutana naye nikiwa mwandishi mchanga, mwana wa wafanyabiashara wa Butembo niliyemkimbia baba na duka lake la jumla kwa sababu niliamini kwamba nimezaliwa kushika kalamu. Mhariri alinituma nikaandike habari ya kuchekesha juu ya mtu anayependa nyoka. Nilimkuta anafunga safari kwenda kwenye kisiwa kimoja cha mto, na akakubali kunichukua. Ilikuwa wakati maji yanaanza kupungua baada ya mafuriko, kisiwa kina madimbwi kila mahali na matope yanafika magotini. Alitembea mbele bila kusema, mimi nyuma na daftari langu nikiandika kila nilichokiona, mpaka tukafika kwenye kichuguu kirefu kuliko mimi. Akapiga magoti, akaweka sikio. Kisha akaingiza mkono kwenye ufa wa chini, taratibu, akautoa na nyoka mdogo mwembamba kama kidole changu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Mgongo ulikuwa wa rangi ya mto uliochafuka. Tumbo lilikuwa la njano, njano ile ya mawese. Nyoka hakuuma. Alijikunja akawa kifundo, akaficha kichwa ndani na kuacha mkia nje, kama mtoto anayefumba macho akidhani haonekani.

Hapo ndipo yule bwana alipoanza kuongea, na kumbe alikuwa na maneno mengi. Aliniambia amewaona wawili tu kabla ya huyo, wote kwenye kisiwa kile, na hakuna aliyemuona kwenye msitu wa Masako wala ng’ambo yoyote ya mto, ingawa amepekua magogo na majani kwa miaka. Alidhani mababu zao walifika juu ya kisiwa kinachoelea cha magugu, yale yanayoshuka na mto yakiwa yamebeba vyura na mayai na kila takataka, yakakwama pale. Chakula chao ni visamaki vinavyobaki kwenye madimbwi maji yakishuka. Maji yakipanda, kisiwa kinabaki vichuguu tu, na nyoka wote hupanda humo kukaa pamoja na mchwa, na humo ndimo majike wanamotaga, kwa kuwa mchwa huweka joto lilelile mchana na usiku. “Leki,” aliniambia, akimshika yule nyoka kwa vidole viwili, “huyu ni mutu ya kisiwa. Kichuguu ikiisha, naye anaisha. Hana pa kukimbilia, iko mayi ya mto pande zote.” Leki kwetu ni mdogo wako wa kuzaliwa. Hakuna mtu mwingine Kisangani aliyeniita hivyo wakati ule, nami nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Sasa naingia kwenye sehemu ambayo nimeikwepa muda mrefu. Dawa ya kuhifadhia ilikuwa imekwisha kitivoni, kwa hiyo alikuja na lotoko kali, pombe yetu ya mahindi na mihogo, iliyopitishwa motoni mara mbili. Alimtia nyoka kwenye chupa, akatoa kikaratasi, akatafuta kalamu yake ya risasi. Haikuwapo. Labda ilianguka matopeni tulipokuwa tunavuka. Mimi nikatoa stilo yangu, kalamu ya wino niliyojinunulia siku nilipoajiriwa gazetini, nikampa kwa mikono miwili. Akaitazama. “Wino na pombe hazipatanaki, leki.” Nikacheka. Nikamwambia kalamu hii ni nzuri, haijawahi kunitupa, na mwandiko wangu ni bora kuliko wake, nipe niandike mimi. Kwa watu wa mtoni wa upande wake, mgeni aliyepanda mtumbwi wako kwa mara ya kwanza hukatai anachokutolea, kwa sababu ukikikataa unamfukuza na mto unasikia. Nilikuja kuyajua hayo baadaye. Siku ile nilimuona tu akinipa kikaratasi. Nikaandika jina la kisiwa, siku, na jina lake yeye aliyekamata. Alipanga kukinakili kwa risasi tukifika nyumbani. Tulipofika homa ikamwangusha, akalala wiki mbili.

Alipoinuka akafungua kabati. Pombe ilikuwa ya buluu hafifu, nyoka yumo vilevile amejikunja, na kikaratasi kilikuwa cheupe. Wanasema wino wa Mungu haufutiki. Wangu ulioga lotoko ukaisha. Nilipomtembelea na gazeti mkononi kumwonyesha makala yangu, alinionyesha chupa, hakunilaumu, akaomba tu nimsomee nilichoandika. Nilimsomea. Ilikuwa makala ya vichekesho tupu: gunia lake, mkewe, mtumbwi unaoinua pua. Nyoka nilimpa sifa tatu nzuri na mahali pake nikapaita “kisiwa kimoja cha mto wetu.” Visiwa vya mto wetu ni vingi, msomaji. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Na jina ya kisiwa?” Nikasema halikuenda vizuri na sentensi.

Muda si mrefu akaja mtaalamu wa nyoka kutoka nchi ya mbali, mzee mpole mwenye kioo cha kukuza. Alikaa asubuhi nzima akihesabu magamba ya yule mdogo wa tumbo la njano, akahesabu tena, akasema hajawahi kumuona wa namna ile, na akauliza ametoka wapi. Yule bwana angeweza kudanganya. Angeandika kikaratasi kipya usiku na asubuhi kikawa kama kilikuwapo siku zote. Alisema kweli: kikaratasi kilifutika, lakini nakumbuka. Mgeni akamjibu, kwa heshima lakini bila kulegeza, kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi, kwa sababu kabati lina chupa za Masako, za mtoni na za kila pahali, na mnyama ambaye hatujui kwake hana faida kwa mtu yeyote. Je, hapakuwa na mwingine aliyeona? Alikuwapo.

Basi alikuja ofisini kwetu. Bawabu alimzuia nje kwa ajili ya gunia, nami nikatoka. “Leki, ile daftari yako ingali?” “Iko, papa.” “Bon. Kuya nayo kesho asubui. Mugeni anarudia kwabo siku ya tano, na anapenda kusikia mutu wa pili. Tuko wawili tu twenye tuliona.” Nikamwambia, “Nitakuya, papa. Kesho.” Sikwenda. Kesho yake nilijitafutia sherehe ya kufungua duka fulani nikaiandikie, na keshokutwa nikajitafutia lingine. Nimekwisha kujipa sababu nyingi, na zote ni za uongo isipokuwa moja: niliona haya. Mtu wa kalamu asimame mbele ya mtaalamu aseme kwamba kalamu yake ndiyo iliyofuta, na wenzangu wa gazeti wasikie, wacheke kama nilivyowafundisha kumcheka yeye. Siku ile ya tano, Ijumaa, mgeni akaondoka. Nyoka akabaki kabatini bila kwao. Nilipomkuta tena mtoni yule bwana, aliniamkia kama kawaida, akaniuliza habari za mama yangu, akakaa ubao wake wa mbele. Hakuligusa jambo lile tena mpaka alipokufa. Laiti angenitukana.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa moja, kumpata mwingine. Kila maji yaliposhuka alivuka kwenda kisiwani, akakaa karibu na kichuguu kilekile, sikio ukutani, akiandika. Sasa mji wetu mnaujua. Hapa mtu akipiga magoti mahali pamoja mara mbili, tayari ameona almasi. Wakamvizia, na asubuhi moja akakuta kichuguu kimechimbwa mpaka chini, udongo umechujwa kwa maji, na mayai madogo meupe yametupwa kando yamekauka. Aliokota maganda. Nilipomwonea huruma alisema, “Hawakufanya vibaya, leki. Njaa inachimbaka.” Baadaye akawa mjanja. Alichagua mchanga mtupu upande wa pili, akaenda kupiga magoti pale kila safari, akiandika kwa bidii na kutazama huku na huku kama mwizi. Wachimbaji wakachimba mchanga ule mpaka ukawa shimo la kuogea watoto, wakimlaani kwa ujanja wao wenyewe. Nilicheka sana aliponisimulia. Lakini vichuguu vilivyobaki viliendelea kupungua, kwa sababu udongo wake ndio mzuri kwa matofali, na mji unajenga, na hata nyumba yangu mimi ninayeandika haya ni ya matofali ya namna hiyo.

Nimefikiri juu yake siku hizi zote kuliko nilivyomfikiria akiwa hai, na ndivyo tulivyo. Tunasema mji wetu umesahauliwa, kwamba walio mbali hawatujui. Inawezekana. Lakini palikuwa na mtu hapahapa aliyejitahidi kujua kilichopo, kwa jina, kwa mahali, kwa siku, na tulichompa ni nafasi pana kwenye mtumbwi. Baba yangu dukani alikuwa na msemo, mali bila daftari hupotea bila habari, nami niliudharau kwa sababu niliona ni wa sukari na chumvi. Kumbe alikuwa anazungumzia pia nyoka, na mito, na watu. Kinachoniuma ni kwamba upweke wa yule bwana haukuwa wa kukosa wapenzi au majirani. Huo aliuzoea. Ulikuwa wa kuona kitu cha kweli na kukosa mtu wa kusema, ndiyo, nami nilikiona.

Baada ya kumwona mgonjwa wangu siku ile ya Jumanne, nilikwenda mpaka nyumbani kwa marehemu. Nilimkuta binti wa dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, ameketi mlangoni. Chupa alizoruhusiwa kuondoka nazo alipostaafu, na alizoongeza baadaye, zilikuwa zimepangwa ukutani. “Tonton,” aliniambia, kama mtu anayemwita mjomba wake, “bantu banasema nitupe yote mu mayi. Hata bandugu. Hakuna mwenye anapenda kuingia mu nyumba.” Nikamwambia asitupe. Nikainama kusoma vikaratasi, vyote vya kalamu ya risasi, wazi kana kwamba vimeandikwa jana. Mahali. Siku. Aliyekamata. Na chini ya hayo mstari wa nne ambao sikuwahi kuuona kwenye kazi zake za zamani. Shahidi: hakuna. Nikageuza chupa ya pili. Shahidi: hakuna. Chura, mjusi, nyoka wa kijani wa kawaida anayejulikana na kila mtu, shahidi hakuna. Chupa ya mwisho haikuwa na mnyama, ilikuwa na ngozi tu, ile nyoka anayojivua, nyembamba kama karatasi ya sigara, na sehemu ya tumbo ikiwa bado na rangi kidogo ya mawese. Alikuwa ameiokota kisiwani mwaka huu, kwenye kichuguu kilichosalia. Kwa hiyo wapo bado. Shahidi: hakuna.

Yule binti akaniletea chupa moja zaidi kutoka chini ya kitanda. Niliitambua kabla hajaifuta vumbi. Nyoka wetu alikuwa amejikunja vilevile, kichwa ndani mkia nje, na kikaratasi changu cheupe kando yake. Shingoni mwa chupa palikuwa pamefungwa kikaratasi kipya chenye mistari minne, yote mitupu, na kipande cha kalamu ya risasi kwenye uzi. “Hii alikatalaka kuandika,” alisema. “Nilimuuliza: tonton, unajua kisiwa yenye ilitokaka, juu ya nini unaacha? Akasema kitu yenye bantu wawili baliona, mumoja hawezi kuandika peke yake. Akasema mwenyewe atakuya.” “Mwenyewe nani?” “Hakusemaka jina. Alisemaka tu, mutu ya stilo.” Nikamwambia kwamba mtu huyo ni mimi. Aliniletea kiti.

Daftari langu lilikuwa nyumbani, ng’ambo ya pili, kwenye sanduku la mambo nisiyopenda kuyaona. Nikarudi nalo kesho yake. Ukurasa ulikuwapo, na matope ya kisiwa yamekauka pembeni: jina la kisiwa, siku, kichuguu, rangi ya tumbo, na katikati vichekesho vyangu. Nikaandika kwa ile kalamu ya risasi, polepole. Jina la kisiwa silisemi hapa gazetini, kwa sababu nawajua ndugu zangu na majembe yao. Jina lake silisemi pia, kwa desturi ya safu hii. Lakini kwenye mstari wa tatu lipo lote, kama alivyobatizwa, na kwenye mstari wa nne nimeandika langu. Chini yake nikaongeza kwamba limeandikwa kwa kuchelewa, ili asiyetujua asidanganyike.

Nilivuka nayo chupa mapajani, nyingine nikiwa nimezifunga kwenye gunia lake, kuzirudisha kitivoni. Nilipofika kwenye mtumbwi watu waliitazama, wakasogea. Wakajibana nyuma, beseni na mikungu ya ndizi na yote, mpaka nikabaki na ubao wa mbele peke yangu, na pua ya mtumbwi ikainuka kidogo. Mpiga kasia akacheka: “Papa, sasa ni weye Papa ya banyoka?” Maji yaliruka yakanilowesha magoti, na kutoka pale mbele huoni uso wa mtu yeyote, unaona mto tu. Kitivoni aliyepokea alisema watatunza, ila kama wataalamu watamkubali shahidi wa namna yangu, yeye hajui. Mimi pia sijui. Ninachojua ni hiki, msomaji wangu: mtu akija mlangoni kwako akakuomba useme ulichokiona, usimwambie kesho. Mimi nilimwambia hivyo, naye akaandika “hakuna” mpaka akafa.